Kulabu za minyoo wa matamvua zinavyofichua safari za samaki

MFUGAJI wa samaki anapofika kidimbwini alfajiri na kuwakuta ngege wake wamejazana penye mfereji wa kuingizia maji, vinywa juu, wakitweta, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba maji yamepungukiwa na hewa. Aghalabu huwa hajakosea. Lakini zipo siku ambapo maji ni safi, mfereji unatiririka vyema, na bado samaki wanatweta. Hapo ndipo wataalamu wa magonjwa ya samaki hushauri kifuniko cha shavu kifunuliwe na matamvua yatazamwe.

Matamvua ni zile nyuzi nyekundu zilizopangwa kama meno ya kitana ndani ya shavu la samaki, ambazo yeye huzitumia kuvuta hewa iliyo majini. Samaki mwenye afya huwa nayo mekundu na masafi. Yaliyovamiwa hupauka, hufunikwa na ute mzito, na pengine ncha zake huvimba na kushikamana. Kwa macho matupu hakuna la zaidi litakaloonekana. Chini ya hadubini, hata hivyo, huonekana minyoo wadogo, weupe, walio bapa kama kipande cha utepe, wengi wao wasiofikia urefu wa milimita moja. Hujinyosha na kujikunja wakitafuta chakula kwa kichwa, ilhali sehemu yao ya nyuma imejikita katika nyama ya tamvua wala haibanduki.

Kumwona mnyoo huyo si kazi kubwa. Kazi ni kumtaja kwa jina. Na jina lenyewe si pambo la wasomi, kwa maana ndilo litakaloamua ni dawa gani itiwe kidimbwini na mara ngapi, kama vifaranga vya samaki vinaweza kuhamishwa kutoka mto mmoja hadi mwingine, na hata kama samaki fulani wa asili ameambukizwa na mgeni aliyeletwa ziwani mwake.

Minyoo hao wamo katika kundi ambalo wanasayansi hulitambua kwa jina la Monogenea. Ni ndugu wa mbali wa minyoo wa kichocho, maradhi yanayofahamika vyema na wakazi wa kando ya Ziwa Victoria na mashamba ya mpunga ya Mwea. Tofauti yao ni kwamba mnyoo wa kichocho hana budi kupitia kwa konokono kabla ya kumwingia binadamu, ilhali huyu wa matamvua hamhitaji mwenyeji wa pili. Yai huanguka majini, huanguliwa, na kiluwiluwi chake huogelea kwa vinyweleo mpaka kimpate samaki mwingine. Maisha yake yote hutegemea samaki mmoja tu, na jina la kundi limetokana na jambo hilo.

Mlaji hana cha kuhofia. Minyoo hao hawaishi katika mwili wa binadamu, na matamvua yenyewe huondolewa samaki anapopaliwa.

Katika maji ya mto au ziwa, samaki mmoja huweza kubeba minyoo kadhaa kwa muda mrefu bila kudhoofika. Balaa huanza pale samaki wanaporundikwa kidimbwini. Mayai huwa mengi, viluwiluwi havisafiri mbali kumpata mwenyeji, na kwenye maji yenye joto kizazi kipya hukomaa katika muda mfupi. Vifaranga ndio wanaoathirika zaidi, kwa kuwa matamvua yao ni madogo na minyoo wachache tu hutosha kuyaziba.

Na hapa ndipo jina linapoanza kuwa na thamani ya fedha. Wapo minyoo wa jenasi ya Gyrodactylus ambao hawatagi mayai bali huzaa. Mama huwa amebeba mtoto tumboni, na ndani ya mtoto huyo huwa tayari kumeanza kukua mjukuu. Dawa ikiwafikia, mama, mtoto na mjukuu huangamia pamoja. Wenzao wa jenasi za Dactylogyrus na Cichlidogyrus hutaga mayai, na yai lina ganda linalostahimili dawa nyingi. Mfugaji aliyewatibu samaki wake mara moja akaona wamepona, siku chache baadaye huwakuta wakitweta tena, akadhani ameuziwa dawa bandia. Dawa huenda ilikuwa halisi kabisa, ila ilihitaji kurudiwa baada ya mayai kuanguliwa na kabla ya watoto kukomaa. Asiyejua ana mnyoo gani hawezi kuipanga ratiba hiyo.

MIFUPA YA ASIYE NA MFUPA

Mnyoo hana mfupa, hana gamba, hana rangi ya kumtambulisha. Mwili wake ni laini mno na hubadilika umbo kila anapojikunja. Akifa huharibika upesi. Mtaalamu anayetaka kumwainisha kwa urefu au unene wa mwili atakuwa anapima maji kwa kamba.

Zipo, hata hivyo, sehemu mbili za mwili ambazo ni ngumu na hazibadiliki ovyo. Ya kwanza ni kiungo cha nyuma anachojishikizia, ambacho kimejaa kulabu. Ya pili ni mrija wa uzazi wa kiume pamoja na kipande kinachouandama. (Kila mnyoo wa kundi hili ni huntha, yaani ana viungo vya kiume na vya kike kwa pamoja.) Karibu elimu yote ya kuwaainisha minyoo hawa imejengwa juu ya sehemu hizo mbili.

Utaratibu wenyewe ni wa subira. Samaki huuawa papo hapo, shavu likakatwa, na matao manne ya matamvua ya kila upande yakatolewa na kuwekwa katika kisahani cha maji. Mtafiti huyapekua uzi kwa uzi chini ya hadubini akiwa na sindano nyembamba, na kila mnyoo anayemwona humbandua na kumlaza juu ya kipande cha kioo. Humtia tone la kiowevu kinachoifanya minofu iwe angavu, mathalani mchanganyiko wa gliserini na pikreti ya amonia, kisha humfunika kwa kioo kingine chembamba na kumbana kidogo ili alale bapa. Mnyoo hufifia. Kinachobaki kuonekana ni kulabu zake, mithili ya vyuma vilivyobaki baada ya nyumba kuteketea.

Hapo ndipo kuhesabu huanza. Mwenye jozi moja ya nanga, yaani zile kulabu kubwa za katikati, akazungukwa na vikulabu 16 pembezoni na asiwe na madoa ya macho kichwani, huyo ni wa jenasi ya Gyrodactylus. Mwenye jozi moja ya nanga kubwa, vikulabu 14 na macho manne, na ambaye ametolewa kwenye samaki wa jamii ya kapu au wa jamii ya ningu, yamkini ni Dactylogyrus. Jenasi hii ina zaidi ya spishi 900 zilizokwisha kuelezwa, nayo ni miongoni mwa jenasi kubwa mno za minyoo duniani. Mwenye jozi mbili za nanga, moja ya mgongoni na nyingine ya tumboni, pamoja na vikulabu 14, na aliyetolewa kwenye matamvua ya ngege au fulu, kwa kawaida huwa ni Cichlidogyrus.

Nanga za Cichlidogyrus hushikiliwa na vijiti viwili. Cha tumboni kimepinda kama herufi V. Cha mgongoni kina masikio mawili yaliyosimama, na masikio hayo ndiyo alama ya jenasi nzima. Akionekana mwingine ambaye masikio hayo yamerefuka mno na kijiti chake cha tumboni kimebeba kibapa kipana kama ngao, huyo huwekwa kando katika jenasi ya Scutogyrus, ambayo jina lake lina maana hiyohiyo ya ngao.

Baada ya jenasi hutafutwa spishi, na kazi huwa nyembamba zaidi. Kila kulabu hupimwa kwa maikroni, ambazo elfu moja hufanya milimita moja. Kuna spishi ambazo vikulabu vyao vyote vya pembezoni ni vifupi. Kuna zile ambazo jozi ya kwanza imenenepa kupita nyingine zote, na kuna zile ambazo jozi ya kwanza ni ndogo lakini zinazoifuata ni ndefu. Maumbo hayo huonyesha ukoo. Wanaofanana kulabu aghalabu ni wa nasaba moja. Ila ndugu wawili wa karibu huweza kuwa na kulabu zisizotofautika, na hapo mtaalamu huugeukia mrija wa kiume. Huo kwa mmoja huwa mfupi na mnene, kwa mwingine mrefu na mwembamba, kwa wa tatu umejizungusha kama waya wa chemchemi. Kwa namna fulani, kulabu husema mnyoo ametoka ukoo gani na mrija husema yeye ni nani katika ukoo huo.

Wapo pia minyoo wa matamvua wasiotumia kulabu bali vibanio, na ambao hunyonya damu badala ya kula ute na ngozi. Ajabu yao kubwa ni Diplozoon, aliyeelezwa na Alexander von Nordmann mwaka 1832. Vijana wawili wakikutana juu ya tamvua huungana miili wakawa msalaba mmoja, na hawaachani tena hadi kufa. Huyo haitaji kuhesabiwa kulabu ili atambuliwe.

ELIMU ILIYOPITIA UGANDA

Nordmann huyohuyo ndiye aliyelitoa jina la Gyrodactylus katika mwaka huo wa 1832. Dactylogyrus ilipewa jina na Karl Diesing mwaka 1850. Kwa muda mrefu minyoo hao wote walichanganywa pamoja na wale wa kichocho na wa maini katika kundi moja, hadi Mrusi Boris Bychowsky aliposhikilia, tangu miaka ya 1930, kwamba wanastahili tabaka lao wenyewe. Hoja yake kuu ilikuwa zilezile kulabu, ambazo viluwiluwi huzaliwa nazo.

Minyoo wa samaki wa Afrika walichelewa kuandikwa. Jenasi ya Cichlidogyrus ilitajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960 na mtafiti wa Israeli, Ilan Paperna, kutokana na samaki wa huko kwao ambao ni wa jamii moja na ngege. Baadaye Paperna alifanya utafiti katika nchi kadhaa za Afrika, na akiwa pamoja na June Thurston aliandika mwaka 1969 kuhusu spishi zilizopatikana kwenye samaki wa Uganda. Miongoni mwazo ni Cichlidogyrus sclerosus, ambaye hivi leo anapatikana karibu kila mahali panapofugwa ngege duniani. Jina la Thurston nalo lilikuja kuwekwa kwenye mnyoo mwingine wa ngege, Cichlidogyrus thurstonae. Mwaka 2009 Antoine Pariselle na Louis Euzet, wote wa Ufaransa, waliikusanya elimu hiyo iliyokuwa imetawanyika wakaichambua upya, na tangu hapo idadi ya spishi za jenasi hiyo imepita 100.

Anayedhani kwamba majina hayo yote ni ya Kizungu atashangaa. Mnyoo mmoja wa Ziwa Tanganyika, Cichlidogyrus muterezii, anabeba jina la Fidel Muterezi Bukinga, mtafiti wa kituo cha elimu ya maji kilichoko Uvira, nchini Kongo. Minyoo wa dagaa wa ziwa hilo wamewekwa katika jenasi ya Kapentagyrus, kwa sababu dagaa hao huitwa kapenta upande wa Zambia. Na mwaka 2024 zilipoelezwa spishi nne mpya kutoka kwa samaki wadogo wa Ziwa Victoria, mojawapo iliitwa Cichlidogyrus furu na nyingine Cichlidogyrus nyanza. Furu ndio hao ambao wavuvi wa Kenya huwaita fulu.

Maziwa hayo mawili yanatoa somo la kupendeza. Ziwa Tanganyika limekuwapo kwa mamilioni ya miaka, na samaki wengi wa kando yake wana minyoo wao wasiopatikana kwingineko. Samaki wakubwa wa kilindini, wanaoogelea mbali na ambao si rahisi kukutana nao, huwa kinyume. Mnyoo mmoja, Cichlidogyrus casuarinus, huwaishia samaki wa spishi nyingi, pengine kwa kuwa mnyoo anayechagua mno katika kilindi angekufa bila kumpata mwenyeji. Fulu wa Ziwa Victoria nao, ambao waligawanyika kuwa mamia ya spishi katika kipindi cha takriban miaka 15,000 tu, wanabeba minyoo wachache wanaowazunguka wote. Samaki wamekimbia, minyoo wamebaki nyuma. Hakuna ambaye angeliona jambo hilo kama minyoo wote wangaliitwa kwa jina moja.

SUMU KATIKA MITO YA NORWAY

Gharama ya kutojua jina haikuonekana wazi mahali popote kama ilivyoonekana Norway. Mwaka 1957 Göran Malmberg wa Uswidi alieleza mnyoo aliyemwita Gyrodactylus salaris, anayeishi zaidi kwenye ngozi na mapezi ya samaki aina ya samoni. Samoni wa Bahari ya Baltiki walikuwa wamezoeana naye na hakuwadhuru sana. Katikati ya miaka ya 1970 alionekana Norway, ambako samoni hawakuwa na kinga yoyote dhidi yake. Alikuwa amefika kwa vifaranga walioagizwa kutoka nje. Mito takriban 50 iliambukizwa, na samoni wadogo wakafa kwa wingi mto baada ya mto.

Serikali ya Norway iliamua kutumia rotenone, sumu inayowaua samaki wote mtoni, ili mnyoo akose pa kuishi, kisha samoni warudishwe upya. Mito mingi ilitakaswa kwa njia hiyo, kwa gharama kubwa na kwa miaka mingi. Sasa chukua kwamba katika mito ya nchi za kaskazini mwa Ulaya kuna mnyoo mwingine, Gyrodactylus thymalli, anayefanana na huyo kiasi kwamba tofauti yao imetafutwa katika kipembe cha vikulabu vya pembezoni, naye anaishi kwenye samaki mwingine. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba hao wawili ni spishi moja yenye sura mbili. Uamuzi wa kuutia mto sumu au kuuacha huweza kutegemea upindaji wa ndoana ambayo haionekani bila hadubini kali.

Isitoshe, kulabu zenyewe huweza kudanganya. Gyrodactylus waliokua katika maji ya baridi huwa na kulabu kubwa kuliko ndugu zao wa maji ya joto, kwa hivyo kipimo kilichochukuliwa wakati wa kipupwe hakilingani na cha kiangazi. Hata ukali wa kukibana kioo huongeza au kupunguza maikroni kadhaa. Ndiyo sababu siku hizi mnyoo hukatwa vipande viwili. Nusu yenye kulabu huwekwa kiooni ichorwe na kupimwa, na nusu iliyobaki hupelekwa kusomwa chembe zake za urithi. Njia zote mbili zikikubaliana, jina huaminika. Zisipokubaliana mjadala huanza upya.

Na mjadala huo haujaisha hata ngazi za juu. Mwaka 2023 ulichapishwa uchambuzi wa chembe za urithi ulioonyesha kwamba wenye kulabu na wenye vibanio si watoto wa mama mmoja, na kwamba kila upande unastahili tabaka lake. Yale ambayo Bychowsky aliyatetea kwa miongo huenda yakabaki katika vitabu vya historia.

KUTOKA MAKABATI YA TERVUREN

Kisa kinachomhusu zaidi msomaji wa Afrika Mashariki kilianzia makabatini. Katika mji wa Tervuren, Ubelgiji, kuna Jumba la Makumbusho la Kifalme la Afrika ya Kati, ambalo lina chupa nyingi za samaki waliovuliwa Kongo tangu enzi ya ukoloni. Waliowahifadhi walitaka samaki tu. Hawakujua kwamba ndani ya mashavu ya samaki hao walikuwa wamewahifadhi minyoo pia.

Ngege wa Nile, yule anayefugwa kote ulimwenguni, si mwenyeji wa mito mingi ya Kongo. Alipelekwa huko kwa ajili ya ufugaji, akaponyoka au kuachiliwa, akachangamana na ngege wa asili. Watafiti wakiongozwa na Michiel Jorissen walifungua mashavu ya ngege wa asili waliohifadhiwa kabla mgeni huyo hajaletwa, wakayalinganisha na ya ngege wa asili waliovuliwa miaka ya karibuni, wakiwamo wa eneo la Katanga Juu ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020. Minyoo kadhaa wanaojulikana kuwa ni wa ngege wa Nile hawakuonekana kwenye samaki wa kale, lakini wamo kwenye wa sasa. Mgeni hakuja peke yake.

Ushahidi huo ungekuwa bure kama mtafiti angeandika tu kwamba matamvua yalikuwa na minyoo, kwa kuwa samaki wa kale walikuwa nao na wa sasa wanao. Kilichobadilika ni aina ya minyoo, na aina hujulikana kwa kulabu na mrija. Kulabu hizo zilikuwa zimestahimili kileo cha chupa kwa miongo mingi.

Ziwa Victoria limepitia jambo kama hilo, tena mapema. Ngege wa Nile aliingizwa humo katika miaka ya 1950, na ngege wawili wa asili, Oreochromis esculentus na Oreochromis variabilis yule aitwaye mbiru, wametoweka katika sehemu kubwa ya ziwa. Sababu zinazotajwa ni nyingi: uvuvi wa kupita kiasi, mbuta, uchafuzi wa maji, kushindania chakula na kuzaana na mgeni. Minyoo hawajatajwa kama chanzo kikuu, na si haki kuwasukumia lawama ambayo haijathibitishwa. Hata hivyo, esculentus bado yumo katika maziwa madogo ya pembeni, likiwamo Ziwa Kanyaboli katika Kaunti ya Siaya, na humo pia ngege wa Nile amekwisha kufika. Yeyote atakayetaka kujua ni minyoo gani waliovuka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine itambidi aanzie kwenye orodha sahihi ya nani alikuwa na nani.

Ufugaji umeifanya haja hiyo iwe ya haraka. Chini ya Mpango wa Kuchochea Uchumi uliozinduliwa mwaka 2009, serikali ya Kenya ilipanga kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Vidimbwi huhitaji vifaranga, na vifaranga husafirishwa katika mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na hewa ya oksijeni, kutoka bonde la mto mmoja hadi la mwingine. Ndani ya mfuko huo huweza kuwamo minyoo ambao hakuna cheti kinachowataja. Kambare nao wana wao, wa jenasi ya Quadriacanthus na Macrogyrodactylus, na aghalabu hawawahamii ngege. Mfugaji mwenye vidimbwi viwili jirani, kimoja cha kambare na kingine cha ngege, hana sababu ya kukitibu cha pili kwa ugonjwa wa cha kwanza, ilimradi aliyepima ametofautisha.

Kinachozuia kazi hiyo si ukosefu wa mitambo ya ajabu, kwa kuwa hadubini nzuri na sindano hutosha kumfikisha mtaalamu kwenye jenasi. Ni uhaba wa macho yaliyofunzwa. Inachukua miaka kuzoea kuona masikio ya kijiti cha mgongoni mahali ambapo mwingine anaona uchafu tu.

Kwa mfugaji, kuna jambo dogo linalorahisisha kazi ya mtaalamu. Samaki wa kupimwa afikishwe akiwa hai, ndani ya maji ya kidimbwi alimotolewa. Aliyekufa tangu jana huwa amekwisha kuachwa na minyoo wengi, na waliobaki wameanza kuoza, hivi kwamba anayewatazama hubakiwa na kulabu zilizotawanyika asizoweza kuzirudisha kwa mwenyewe. Na wale vifaranga wapya walionunuliwa mbali watengwe kwanza katika kidimbwi chao kwa majuma kadhaa, na wachache wao wapimwe matamvua, kabla hawajachanganywa na wengine.